Fahamu: Je, Mkenya anaweza kununua shamba Moa?

Moa, wilayani Mkinga, si mbali na mpaka wa Tanzania na Kenya, na ndugu wa Vanga, upande wa Kenya, anaweza kushawishika kununua shamba huko kwa karatasi za mkono tu. Tafadhali asithubutu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi Tanzania, isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji haubadilishi hilo. Kuandikisha kwa jina la shemeji aliye raia ni hatari zaidi: siku mkigombana, mwenye shamba ni shemeji. Mwekezaji wa kweli apitie mamlaka ya uwekezaji, na upekuzi ofisi ya ardhi utangulie malipo. Ufukweni apime pia umbali kutoka baharini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.