Degedege: Seli za Ubongo Zinapopiga Kelele Pamoja



Tuseme ni usiku, kijijini huko Handeni au Korogwe. Mtoto wa miaka miwili ana homa tangu asubuhi. Mara macho yanageuka juu. Mikono na miguu inakakamaa, kisha inatupwatupwa. Mama anapiga ukelele. Bibi anasema, "Mwanangu, hilo degedege. Msimpeleke hospitali, wakimchoma sindano atakufa." Baba amesimama mlangoni, hajui afuate lipi.

Maneno hayo wengi wetu tumeyasikia. Basi leo tutazame ndani ya kichwa cha mtoto huyo, tuone kinachotokea. Tukishajua, kuamua kutakuwa rahisi.

Ubongo huongeaje?

Mwili wote umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ambazo huitwa seli. Hazionekani kwa macho matupu. Ndani ya ubongo mna seli za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni seli za neva. Kazi yao ni kupeleka habari. Mtu mzima anazo karibu bilioni 86. Aina ya pili huitwa glia. Hizo nazo ni nyingi sana.

Ukigusa sufuria ya moto, unauondoa mkono upesi. Kwa nini? Kwa sababu habari imekimbia ndani ya neva kama umeme mdogo. Lakini umeme huo ukifika mwisho wa seli hukuta pengo. Ni kama mjumbe aliyefika ukingoni mwa Mto Pangani, wala hakuna daraja. Hapo seli hutoa kemikali kidogo. Kemikali hiyo huvuka pengo kama mtumbwi, ikafikisha habari kwa seli ya ng'ambo.

Kemikali hizo si za namna moja. Iko inayoamsha, iitwayo glutamati. Yenyewe husema, "Amka, fanya kazi!" Iko inayotuliza, iitwayo gaba. Hiyo husema, "Tulia, ngoja kidogo." Zote mbili zinatakiwa. Mkutano wa kijiji unataka wasemaji, na unataka pia mwenyekiti wa kuwatuliza.

Na glia je, zafanya nini?

Jina glia lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Wataalamu wa miaka ya 1850 walidhani kazi yake ni kushikilia neva tu. Sasa tunajua kwamba bila glia neva haziwezi kuongea vizuri.

Kwanza, glia husafisha. Glutamati ikishafikisha habari, glia huifyonza isiendelee kuamsha. Kisha huigeuza na kuirudisha kwa neva, itumike tena.

Pili, glia hulisha. Hushika mishipa ya damu kwa upande mmoja na neva kwa upande wa pili. Huchukua sukari kutoka kwenye damu na kuzisaidia neva kupata nguvu.

Tatu, baadhi ya glia huzivika neva kama waya wa redio ulivyovikwa plastiki, ili habari ikimbie upesi.

Tena glia husikia. Mwaka 1990 wataalamu walionyesha kwamba glia zikipata glutamati huitikia, na hupashana habari zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo ubongo ni mazungumzo ya pande mbili: neva na glia.

Degedege ni nini basi?

Ni pale seli nyingi za neva zinapopiga kelele wakati mmoja. Kila moja inasema "Amka!" Sauti ya kutuliza haisikiki. Misuli inapata amri nyingi pamoja, ndiyo maana mtoto anakakamaa na kutupwatupwa. Si ndege aliyepita juu ya nyumba, wala si shetani.

Malaria kali huweza kuleta balaa hilo. Chembe nyekundu za damu zenye vijidudu vya malaria hunata katika mishipa midogo ya ubongo. Damu haipiti vizuri. Sukari ya damu inaweza kushuka. Ubongo unaweza kuvimba. Glia zikikosa nguvu, haziwezi kufyonza glutamati inavyotakiwa. Homa peke yake nayo huweza kumletea mtoto mdogo degedege, hata homa ya uti wa mgongo pia. Nyumbani hatuwezi kujua ni ipi. Anayepima ndiye ajuaye.

Je, sindano huua?

Tusimcheke bibi. Pengine aliwaona watoto waliochomwa sindano wakafa. Lakini mtoto aliyecheleweshwa siku mbili hufika akiwa taabani. Akifa, lawama inaiangukia sindano, kumbe kilichomuua ni ugonjwa na kuchelewa.

Ushahidi uko hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2005 na 2010, hospitali ya Korogwe ilishiriki katika uchunguzi mkubwa wa malaria kali. Walikuwamo watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika. Wengine walitibiwa kwa kwinini, wengine kwa sindano ya artesunate. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa kama 109. Waliopewa artesunate walikufa kama 85. Tena waliopata degedege baada ya kuanza matibabu walikuwa wachache zaidi. Sindano iliokoa.

Tufanye nini?

Mtoto akishikwa na degedege:
- Mlazeni kwa ubavu, mahali pasipo moto wala vitu vigumu.
- Legezeni nguo zake.
- Msimtie kitu mdomoni: si kijiko, si dawa, si maji.
- Msimfukize moshi wala kumchanja.
- Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama degedege limekwisha. Kelele inaweza kunyamaza, na ugonjwa bado uko ndani.

Waganga wa jadi nao ni wenzetu katika kazi hii. Mzazi akija kwao na mtoto wa degedege, wamwambie aende kituoni kwanza. Watoto wengine hupona malaria ya ubongo lakini hubaki na kifafa au hushindwa masomo. Kila saa ina thamani.

Yule baba aliyesimama mlangoni sasa anajua. Ambebe mtoto, waende.

Maswali ya kuzungumza
1. Glia huzisaidiaje neva?
2. Kwa nini tusingoje hata degedege likiisha?
3. Usiku, kijijini kwetu, nani ana baiskeli au pikipiki ya kumfikisha mtoto kituoni?