Gugu, Jani na Nyasi: Istilahi za Palizi katika Shamba la Ngano

Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Unyanyembe wakilima ngano. Zao hilo lilitoka pwani kwa njia ya misafara, lakini halikuenea. Mashamba ya Wanyamwezi yalibaki ya mtama, na baadaye mahindi. Leo ngano ya Tanzania hulimwa zaidi Hanang, Karatu, Kilimanjaro Magharibi na Makete. Hata hivyo mkulima wa Tabora na yule wa Hanang husoma vipeperushi vya Kiswahili kimoja, na mtama, mahindi, mpunga na ngano yote ni mimea ya jamii ya nyasi. Hapo ndipo penye tatizo letu.

Gugu, au kwekwe, ni mmea wowote uotao pasipotakiwa. Neno hilo halitaji umbile: hindi likichipua katikati ya ngano ni gugu. Nyasi, kinyume chake, ni jina la jamii ya mimea, na ngano imo. Katikati yake limesimama neno jani, ambalo mwalimu wa sayansi hulitumia kwa sehemu ya mmea, ilhali mkulima anayesema “shamba limejaa majani” ana maana ya magugu yote, au pengine nyasi peke yake.

Utata huo una gharama. Dawa iitwayo 2,4-D huua magugu yenye majani mapana na kuiacha ngano salama. Kwa sababu iyo hiyo huziacha pia nyasi za porini, nazo hustawi zikishaondolewa washindani wao. Mfasiri akiiita “dawa ya kuua majani”, mkulima mwenye nyasi atainunua bure. Glifoseti nayo, ikiitwa “dawa ya kuua nyasi” bila onyo lolote, ikanyunyizwa juu ya ngano iliyokwisha kuota, itaua ngano yenyewe. Kwa hiyo twapendekeza magugu-nyasi na magugu ya majani mapana, na neno kiuagugu mahali pa “dawa ya majani”.

Kuna wanaoandika “kiuagugu teule” kwa dawa inayobagua mimea. Hatuliafiki. Kilicho teule kimeteuliwa na mtu. Hapa inayochagua ni dawa. Kiuagugu kichaguzi ni sahihi zaidi, ingawa masikio yatahitaji muda kulizoea.

Majina ya wenyeji yasipuuzwe, lakini yapimwe. Sangari ni nyasi kweli, yenye mashina yatambaayo chini ya udongo. Ndago hufanana na nyasi, lakini shina lake lina pembe tatu, nayo ni ya jamii nyingine. Kiduha, adui wa mtama na mahindi, si nyasi hata kidogo: hunyonya mizizi ya mazao. Kuvitia vyote katika fungu moja ni kumpotosha msomaji. “Shayiri mwitu” nalo ni jina baya kwa oti mwitu, maana shayiri ni nafaka nyingine. Ikiwa changa, oti mwitu hufanana mno na ngano. Lakini ngano ina vimasikio viwili vinavyokumbatia shina chini ya bapa la jani, na oti haina.

Kwa kuwa mfanano huo huwashinda wapaliliaji, na jembe halipiti katika ngano iliyosongamana, kazi kubwa hufanywa mapema: kupanda mbegu safi, kubadilisha ngano na maharage au alizeti, na kuandaa shamba, kuyaacha magugu yachipue, kisha kuyaua kabla ya kupanda. Mbinu hii ya mwisho haina jina fupi. Tumefikiria kuhadaa magugu. Wasomaji walio karibu na wakulima watuambie kama linaeleweka. Viuagugu vya kundi moja vikirudiwa kila mwaka huleta usugu, neno ambalo waganga wamekwisha kulizoeza kwa vimelea vya malaria, wala hatuoni haja ya kubuni jingine.