Samaki Mkunje Angali Mbichi



Wazee walinena, "Samaki mkunje angali mbichi." Neno hili twalitumia sana kwa habari ya malezi, leo nataka mlisikie kwa habari ya mguu wa mtoto.

Katika watoto elfu, yapata mmoja huzaliwa nyayo zake zimepinda kwa ndani na kisigino kimepanda juu. Hali hiyo huitwa mguu kifundo. Majirani hunong'ona: huyu asema ni uchawi, yule asema mama alivunja mwiko. Basi mama humfunika mwanawe kwa kanga asionekane, na siku zapita. Kumbe mama hana kosa, na dawa ipo.

Huko Msasani, Dar es Salaam, iko hospitali ya CCBRT, shirika lililoanzishwa mwaka 1994 kuwahudumia watu wenye ulemavu, wakubwa kwa wadogo. Humo macho hutibiwa, midomo iliyopasuka hushonwa, miguu ya bandia hutengenezwa, na nyayo zilizopinda hunyooshwa.

Njia yenyewe ilibuniwa na daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Daktari huushika unyayo kwa mikono yake, huugeuza kidogo, kisha huufunga plasta ngumu hadi pajani. Baada ya juma plasta hutolewa, mguu hugeuzwa tena kidogo, hufungwa tena. Yapata mara tano au sita. Mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa kwa jeraha dogo, na plasta ya mwisho hukaa majuma matatu. Ikitolewa, mguu umenyooka.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Huuona mguu mzuri, hushangilia, wakadhani kazi imekwisha. La, haijakwisha. Mtoto huvikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, miezi mitatu usiku na mchana, kisha kila alalapo, hata atimize miaka minne au mitano. Siku za kwanza atalia, bibi atasema, "Mvueni, mwamtesa." Akivuliwa kwa huruma hiyo, mguu hupinda tena. Daktari huunyoosha mguu kwa majuma. Wazazi ndio waulindao kwa miaka.

Basi, akina baba, msimwachie mama peke yake safari za kila juma na vilio vya usiku. Nanyi mnaomjua mtoto aliyefichwa, nendeni leo mkawaambie wazazi wake, samaki angali mbichi.