Kukata Nako ni Kutunga

Sisi watunzi wa mashairi tumezoea kudhani kwamba kupima na kupunguza ni kazi yetu peke yetu. Kumbe sivyo.

Usiku mmoja baada ya Isha, mpwa wangu wa hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia na kompyuta kwapani. "Mjomba, filamu yangu imekwisha. Hebu itazame."

Ilikuwa filamu yake ya kwanza, dakika 11, aliyoipiga kwa simu: mwizi anaingia usiku nyumbani kwa mwanamke aliye peke yake. Yeye aliiita filamu ya kutisha. Mimi, wallahi, nilipiga miayo.

Kisa hakikuwa kibaya. Kasoro ni kwamba mwizi tulionyeshwa tangu mwanzo, uso na kisu chake. Mtu ukishamjua na njia ajiayo, hofu itoke wapi?

Nikamhadithia habari za Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Papa wa mashine aliyeundwa kwa filamu ile aliharibika mara kwa mara baharini, ikalazimu asionekane kwa muda mrefu. Bi Verna Fields, mhariri wake, akaunga picha za maji, za waogeleaji na za watu walioko ufuoni. Watazamaji wakamhofu papa wasiyemwona. Kwa uhariri huo Bi Fields alitunukiwa Oscar.

Basi kijana akaanza upya. Mwizi akamficha, akabakisha komeo la mlango likitikisika. Sauti ya nyayo akaitanguliza, tuisikie kabla ya kuiona ngazi. Akajifunza kwamba katika sinema picha 24 hupita kila sekunde, na kwamba ukipunguza 6 tu, mshtuko hubadilika. Ni kama mizani 16 ya mshororo: ikizidi moja, mwimbaji hujikwaa.

Ikabaki picha moja: Fort Jesus ikipigwa na jua la asubuhi, kutoka baharini. Nzuri ajabu, lakini ilikaa katikati ya ule usiku wa hofu.

"Hii siikati, Mjomba! Nilimlipa mwenye mashua akiba yangu yote."

Nikamwambia, "Mwanangu, nami nina daftari zima la beti nzuri nilizozitoa katika tungo zangu. Mtazamaji hajui ulicholipa. Ajualo ni kwamba alikuwa akiogopa, nawe ukamwamsha."

Akanyamaza kitambo, kisha akaikata. Mkono ulimtetemeka.

Filamu sasa ni dakika 6. Enyi vijana mnaoianza kazi hii, pigeni picha nyingi, lakini msione uchungu kuziacha. Kilichoachwa kwa haki hakikupotea. Kimewapa nguvu vilivyobaki.

Tulipoionyesha nyumbani, dada yangu, mamake kijana, hakusema neno. Aliinuka, akajitanda buibui lake, akashuka kulitazama komeo la mlango.