Kijana Anapokwenda Kusoma Uingereza

Twazijua nyumba ambazo siku ya kupokea barua ya Chuo Kikuu cha Uingereza huwa kama siku ya Idi. Majirani huja kutoa mkono wa pongezi, bibi huomba dua, na baba, katika furaha yake, huanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Hapo ndipo tunapopenda kumwambia: mzee wetu, ngoja kwanza. Karo iliyotajwa katika barua ile kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu, na kule Skotilandi minne. Shamba likiuzwa kwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili kutauzwa nini?

Basi hesabu ifanywe na nyumba nzima, kalamu mkononi, kabla ya kutolewa hata senti moja. Iandikwe karo ya miaka yote. Kisha iandikwe ada ya matibabu ambayo serikali ya Uingereza humtoza mwanafunzi mgeni anapoomba viza; nayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa kila mwaka, na hulipwa ya miaka yote kwa mara moja, kijana angali kwao. Kisha gharama ya kula na kulala: yampasa aonyeshe fedha za miezi tisa, zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi, na akaaye London huzidi 1,400.

Kwa asiye na mfadhili rasmi, fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo, zisipungue hata siku moja, tena ziwe katika hesabu ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi wake au mlezi wake wa kisheria. Hapa ndipo watu wetu hujikwaa. Kwetu sisi ami hutoa, mjomba huongeza, shangazi huuza bangili yake, na hilo ni jambo jema mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini karani wa viza hamjui ami. Mchango wa jamaa ukusanywe mapema, uingie katika hesabu ya baba au mama au ya kijana, ndipo siku zianze kuhesabiwa. Na atumiaye hesabu ya mzazi aambatanishe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi huyo.

Wako wanaokimbilia mkopo wa riba ili kuzijaza siku hizo 28. Hukumu ya riba wasomaji wetu waijua, hatuna haja ya kuirudia hapa. Twasema tu kwamba fedha ya kuonyesha ikisharudishwa kwa mwenyewe, kijana atafika ugenini na mfuko mtupu. Wala asitegemee kazi ya huko, kwani katika muda wa masomo mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki, wala hazizidi.

Liko jambo jingine, dogo kwa sura: majina yetu. Cheti cha kuzaliwa chasema Mohamed, cha shule chasema Muhammad, na pasipoti ina Mohammed, tena na jina la babu limeongezwa. Kwetu ni mtu mmoja, nani asiyejua? Machoni pa karani ni watu watatu. Marekebisho hayo yaanzwe mwaka mzima kabla ya safari. Ama cheti cha kupimwa kifua kikuu, kinachotakiwa kwa watokao Kenya na Tanzania kwa masomo ya zaidi ya miezi sita, hicho kisitangulizwe mno, maana hudumu miezi sita tu. Na mwenye mke asimpe ahadi ya kumwita: tangu Januari 2024 mwanafunzi hafuatani na mwenzake wala watoto, illa aendaye kwa shahada ya utafiti au kwa ufadhili wa serikali.

Wazee wengine husema kijana akienda Ulaya amekwisha potea. Hatukubaliani nao. Marehemu Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipata shahada yake Manchester mwaka 1960 na ya udaktari Oxford mwaka 1966, akaandika habari za Afrika na Uislamu hadi kufa kwake mwaka 2014, na akazikwa kwao.

Lakini kijana aambiwe yale atakayoyakuta. London mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya saa nne, na huenda zote zikamkuta darasani. Juni, magharibi huingia baada ya saa tatu ya usiku. Vyuo vingi vina chumba cha sala na jumuiya ya wanafunzi Waislamu. Aiandikie kabla hajapanda ndege, aulize pia nyama ya halali huuzwa wapi.

Na ajifunze kupika. Mama zetu watuwie radhi, lakini mwana wa kiume asiyejua hata kuteleka wali atazimaliza pauni zake mikahawani kabla mwezi haujaandama. Ashike jiko miezi mitatu kabla ya safari, afue nguo zake mwenyewe, na kila jioni aandike matumizi yake katika daftari, naye mama alikague kila Ijumaa.