Manyoya Marefu Yataka Miaka

Kazi yangu ni kuosha na kuchana mbwa katika nyumba za kando ya Ziwa Kivu, hapa Gisenyi. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Kaka, mbwa wangu mkubwa ametimiza mwaka, mbona manyoya yake hayajajaa?"

Bado ni mapema. Kati ya mwezi wa 4 na wa 6 mtoto wa mbwa huanza kupukutisha manyoya laini ya utotoni, na ya utu uzima huchomoza, mara nyingi yakianzia mgongoni. Kwa mbwa wakubwa kama Newfoundland au Bernese, manyoya ya shingoni, mkiani na nyuma ya mapaja huweza kukamilika akiwa na miaka 2 hadi 3. Katika kipindi hicho mbwa huonekana na mabaka, si ugonjwa. Akipata upara au vidonda, au akijikuna mfululizo, mpeleke kwa veterineri.

Ulaya, mbwa hupukutisha sana mchana unaporefuka au kufupika. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, hivyo manyoya hudondoka kidogo kidogo kila mwezi. Mchane mara kadhaa kwa wiki, hadi kwenye ngozi. Akiogelea ziwani, mkaushe kabisa. Mpe protini ya kutosha. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, waliochemshwa bila chumvi wanafaa.

Nawasihi msiwanyoe. Manyoya ya juu huwakinga na jua na mvua, na yakinyolewa pengine hurudi vibaya. Wapeni muda.