Kompyuta ikisema memwari haitoshi

Siku ya kupokea kahawa, karani ameandika kilo za watu themanini, mara kompyuta inasema memwari haitoshi na programu inajifunga. Kilo ambazo hakuhifadhi zimekwenda. Fujo itaanza siku ya malipo.

Memwari ni kama meza ya kazi. Ikijaa, Windows inapeleka vitu vingine kwenye diski, ndani ya faili inayoitwa pagefile.sys. Inaenda polepole, lakini kazi haikatiki. Ila diski C ikijaa filamu na muziki (sisi wote tunajua zinatoka wapi), faili hiyo haina pa kukua.

Tuondoe filamu kwanza. Kisha tufungue Paramètres système avancés. Chini ya Performances tubonyeze Paramètres, halafu Avancé, halafu Modifier. Kisanduku cha «Gestion automatique» kiwe na alama. Kama fundi aliitoa ili apate nafasi, tuirudishe, tubonyeze OK na Redémarrer. Namba tusiweke wenyewe.

Kompyuta ya giga 2 itabaki nzito tu. Hiyo inaomba kuongezewa memwari. Na karani ahifadhi kila baada ya magunia kumi, maana umeme nao haupigi hodi ukienda.